Rivyu: SmartShunt ya Victron kwenye boti ndogo ya faiba, na mambo ya waya na fyuzi yanayoenda nayo

Niseme mapema kabisa, hiki kifaa nakipenda na kama una boti yenye betri na vitu viwili vitatu vinavyokula umeme basi pesa yako haitapotea. Ila kuna watu watakinunua wakidhani ni kinga ya boti isiungue, na hapo watakuwa wamepotea njia, kwa sababu kazi yake ni kupima tu umeme unaoingia na kutoka kwenye betri. Hakikati umeme, hakichaji, hakizimi kitu chochote. Kinga ni fyuzi na waya mzuri na nitafika huko, maana huko ndiko roho za watu zilipo.

Boti ninayoongelea ni faiba ya futi 26, iko kaskazini ya Unguja, mchana inapeleka wageni kuogelea upande wa kisiwa cha Mnemba na usiku ikipata nafasi inatoka na mishipi. Ina mashine ya stata ya umeme, betri mbili za maji makali, moja ya kuwashia mashine na nyingine ya ampea-saa 100 (yaani ampea mara masaa) kwa ajili ya matumizi, na juu ya kivuli kuna paneli ya sola ya wati 100. Matumizi yenyewe ni taa za LED, redio ya VHF ya mawasiliano baharini, kile kifaa cha kuangalia kina na samaki, pampu ya ngamani (ya kutoa maji yanayojikusanya chini ya boti) na soketi za kuchajia simu. Boti za namna hii zimejaa pwani yote kuanzia Lamu mpaka Mtwara kwa hiyo nadhani wengi mtajiona humu.

Shida yetu ilikuwa ile ile ya kila mtu, betri ya matumizi inakufa kabla ya wakati. Unanunua mpya, miezi michache taa zinaanza kufifia saa nane za usiku, unaambiwa betri za siku hizi feki, unanunua nyingine ya bei zaidi, mambo yale yale. Na kila ukipima kwa mita asubuhi unakuta volti 12 na kitu, unasema mbona iko sawa. Tatizo ni kwamba volti peke yake haikwambii kilichobaki. Betri ya maji makali iliyojaa ukiiacha ipumzike masaa kadhaa bila kuchaji wala kutumia inasoma kama 12.7, ikifika nusu inasoma kama 12.2, yaani nusu nzima ya betri imejificha ndani ya nusu volti, na hapo ni ikiwa imepumzika. Ukipima taa zinawaka itasoma chini kuliko hali halisi, ukipima jua limeshaanza kupiga paneli itasoma juu. Ni sawa na kutikisa dumu la petroli kukisia limebaki kiasi gani.

SmartShunt inafanya kitu tofauti. Inakaa kwenye njia ya hasi ya betri, umeme wote unaoingia na kutoka unapita ndani yake, inahesabu ampea zilizotoka na zilizorudi halafu inakwambia kwenye simu imebaki asilimia ngapi, inatoka ampea ngapi sasa hivi, na kwa mwendo huo umebakiwa na masaa mangapi. Inatengenezwa na Victron Energy, kampuni ya Uholanzi ambayo iko kwenye biashara hii tangu 1975, mafundi wa sola wa hapa wanaijua vizuri. Ipo ya ampea 500 na zipo kubwa zaidi, kwa boti ndogo ya 500 inatosha na kubaki. Inafanya kazi kuanzia volti 6.5 mpaka 70 kwa hiyo betri ya 12 au 24 ni hiyo hiyo, na yenyewe inakula chini ya miliampea 1, huwezi hata kuihisi. Bei ya nje ikifika huku na ushuru na nauli inapanda, angalia mwenyewe maana inabadilika.

Ndani ya boksi kuna kipande chenyewe chenye bolti mbili nene za M10, na waya mbili nyembamba nyekundu zenye fyuzi ndogo ya ampea 1 kila mmoja. Waya mmoja unaenda kwenye chanya ya betri unayoipima, wa pili unaweza kuupeleka kwenye chanya ya betri ya stata ili nayo uione volti zake. Kifaa chenyewe hakina kioo cha kusomea, kila kitu ni simu kupitia Bluetooth na programu yao ya VictronConnect ambayo ni ya bure.

Kufunga sio kazi ngumu ila kuna sehemu watu wengi wanakosea na nataka niizungumzie polepole. Upande mmoja wa kifaa umeandikwa betri na hapo kinaingia kitu kimoja tu, waya kutoka kwenye hasi ya betri ya matumizi. KIMOJA TU. Vingine vyote, hasi ya mashine, hasi ya betri ya stata, ya kontrola ya sola (kile kidude kinachodhibiti umeme wa paneli unaoingia kwenye betri), ya pampu, ya redio, vyote vinahamia upande wa pili wa mzigo. Ukiacha hata waya mmoja mwembamba wa sola umebaki juu ya kichwa cha betri basi ampea zinazopita pale hazihesabiwi, na asilimia unayoiona kwenye simu inakuwa uongo mtupu, inasema betri inakwisha wakati inajaa. Nimeona boti ya jirani imefungwa hivyo, wanalalamika kifaa kibovu, kumbe waya wa kontrola umekaa upande wa betri.

Na kabla hujashika spana: fungua mifuniko yote upepo uingie, hasa kama tangi la petroli au madumu yako karibu, mvuke wa petroli ni mzito unakaa chini ngamani na cheche moja tu inatosha. Betri nayo ikichajiwa inatoa haidrojeni ambayo inalipuka. Zima chaja, funika paneli au chomoa waya zake kwa utaratibu wa kontrola yako, vua pete na saa ya chuma, halafu unaanza kutoa HASI kwanza na kuirudisha hasi mwisho. Sababu ni kwamba ukianza na chanya na spana ikagusa kipande chochote cha chuma kilichoungwa na hasi, umeunga betri moja kwa moja, na betri ya ampea-saa 100 inatoa mamia ya ampea kwa sekunde hiyo, spana inawaka nyekundu mkononi mwako. Ukishatoa hasi mzunguko umekatika, spana ikigusa hakuna kitu.

Sasa ya kwanza iliyonishangaza. Tumemaliza kufunga, swichi kuu imezimwa, hakuna taa hakuna redio, nafungua simu nakuta inasoma kutoa ampea 0.6. Nikadhani ni hesabu haijatulia, nikasubiri, imeng'ang'ania pale pale. Ampea 0.6 unaweza kuidharau lakini zidisha kwa masaa 24, ni zaidi ya ampea-saa 14 kila siku, boti imelala tu nangani inamwaga umeme. Nikaanza kuvuta fyuzi moja moja huku nahodha ameshika simu ananisomea. Redio, bado. Soketi, imeshuka kidogo, ile taa ndogo ya bluu ya soketi ya USB nayo inakula. Nikavuta ya pampu ya ngamani ambayo kwetu nayo imeungwa moja kwa moja na betri bila kupita swichi kuu, ili boti ikilala pampu ijiwashe yenyewe maji yakiingia. "Sifuri hiyo fundi, sifuri kabisa." Tukaenda kuangalia chini, kiungo cha waya wa pampu kimezungushwa tepu nyeusi na kimelala ndani ya maji ya chumvi. Nilipoifungua ile tepu ndani shaba ya chanya imeota kijani na nusu ya nyuzi zimeshaliwa, nikakata sentimita chache kwenda juu bado shaba nyeusi, nikakata tena, karibu urefu wa mkono ndiyo nikapata shaba inayong'aa. Umeme ulikuwa unapita ndani ya maji kutoka chanya kwenda hasi na unaila ile waya taratibu, ingebaki kidogo tu pampu isiwake siku inayotakiwa iwake, boti imelala nangani usiku wa mvua na hakuna mtu ndani.

Yaani kwa hilo tu kifaa kilishajilipa. Mita ya kawaida nayo ingeweza kuonyesha, lakini nani anakaa kuunga mita kwenye hasi kila wiki, wakati hii naifungua nikiwa juu ya gati nasoma.

Ya pili ndiyo ilieleza vifo vya betri zetu. Usiku wa mishipi taa mbili za wati 30 zinavuta jumla kama ampea 5, masaa 9 hiyo ni ampea-saa 45. Weka redio ikiwa inasikiliza tu na kifaa cha kina, ongeza kama 8 au 9. Unarudi pwani umetumia 54 kwenye betri ya 100, na betri ya aina hii ukitaka idumu usiipeleke chini ya nusu. Haya sasa tuangalie marejesho. Mashine ndogo nyingi zinatoa ampea chache tu za kuchaji, tena zikizunguka kwa kasi, ikiwa inanguruma polepole inatoa kidogo sana, kwetu tukiwa mwendo wa safari nilikuwa naona inaingia kama 4. Safari ya kwenda na kurudi haifiki hata saa mbili za mwendo. Paneli ya wati 100 mchana mkali inaingiza 5 hivi, siku nzima nzuri ni 25 mpaka 30, na siku ya mawingu ya masika sahau. Na betri haipokei kwa kasi ile ile mpaka mwisho, ile robo ya mwisho inaingia polepole sana. Kwa hiyo usiku umetoa 54, mchana umerudisha 30 na kidogo, usiku unaofuata unatoka tena. Betri haijawahi kujaa! Ikikaa hivyo sahani zake zinaota salfeti ngumu ambayo haitoki tena, na uwezo wake unapungua, 100 inakuwa 80 inakuwa 60. Wauza betri tuliwalaumu bure muda wote huo.

Tukabadilisha mambo mawili, paneli ya pili, na taa ya nyuma inazimwa mpaka mtu aihitaji. Betri iliyopo sasa imevuka kaskazi na kusi na bado inashika. Kwenye programu kuna sehemu ya historia inakuonyesha umewahi kushuka chini mpaka wapi na volti ndogo kabisa iliyofikiwa, mimi naiangalia kila boti ikirudi, nahodha naye anajua naangalia kwa hiyo anazima taa.

Mipangilio sasa, na hapa msiwe wavivu. Kikitoka kwenye boksi kimeandikwa betri ya ampea-saa 200, ukiiacha hivyo na betri yako ni 100 utadanganywa kwa nusu. Andika uwezo wa kweli, na kama betri ni ya zamani usiandike kilichobandikwa ubavuni, punguza. Halafu kuna ile volti ya kutambua betri imejaa, imewekwa 13.2 kwa mfumo wa 12, kwenye boti ya sola hiyo ni chini mno, wingu likipita ampea zinashuka na kifaa kinadhani betri imeshiba kinarusha 100% wakati iko 70. Iweke chini kidogo tu ya volti ya juu ya kontrola yako, kama kontrola inapanda mpaka 14.4 weka 14.2. Na kila unapoweza acha betri ijae kweli kweli ili hesabu ijisawazishe, maana kuhesabu tu kuingia na kutoka bila kusawazisha makosa madogo yanajilimbikiza. Kama una betri ya lithiamu ya LiFePO4 namba ni nyingine, ufanisi wa kuchaji 99% na Peukert (namba ya jinsi uwezo wa betri unavyopungua ukivuta umeme mwingi kwa haraka) 1.05, kwa maji makali ile 1.25 iliyokuja nayo iache. Badilisha na PIN ya Bluetooth pia, gati nzima isije ikawa inakusomea betri.

Mapungufu yake. La kwanza, haina king'ora, betri ikishuka haipigi kelele, onyo linatokea kwenye simu tu na ni mpaka uwe karibu na umefungua programu. Nahodha usiku ameshika mshipi hashiki simu. Ukitaka kioo na kengele na rilei ya kuweza kuzima kitu kuna dada yake inaitwa BMV-712, bei juu kidogo, na kwa boti inayotoka usiku nadhani ningemshauri mtu aende huko moja kwa moja. La pili, ile ya kawaida ni IP21 kwenye kipimo cha kuzuia vumbi na maji, maana yake haivumilii kurushiwa maji, na boti yetu ya wazi mawimbi ya kusi yanaingia mpaka ndani. Ipo ya IP65, lipa hiyo tofauti. Sisi tumeiweka juu ndani ya boksi kavu na bolti tumezipaka grisi baada ya kukaza, BAADA nasema, grisi isiingie kati ya lagi (kile kichwa cha chuma mwisho wa waya) na shaba. Na usikaze kama unakaza propela, mwisho wake ni nyutoni mita 21.

Sasa fyuzi na waya kama nilivyoahidi. Fyuzi inalinda waya, sio redio wala taa. Waya wa chanya ukichubuka kwenye ukingo wa faiba ukagusa hasi, kitakachotokea kama hakuna fyuzi ni waya kuwa mwekundu kama jiko na faiba inashika moto, na uko katikati ya maji na petroli mgongoni. Kwa hiyo fyuzi inakaa karibu na betri, viwango vya boti vya Kimarekani vinasema ndani ya sentimita 18 kutoka kwenye kichwa cha chanya, sio kule mbele kwenye ubao wa swichi, kwa sababu kipande chote kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Na hii tabia ya fyuzi kukatika ukaweka kubwa zaidi au ukazungushia karatasi ya sigara iachwe kabisa, fyuzi ikikatika mara mbili kuna kitu inakwambia, kitafute. Pampu iliyoungwa moja kwa moja na betri nayo LAZIMA iwe na fyuzi yake, ya ukubwa ulioandikwa kwenye pampu.

Waya wa nyumba, ule wa uzi mmoja mgumu, usiweke kwenye boti. Mtikisiko unauvunja kwa ndani huku nje unaonekana mzima. Tumia wa nyuzi nyingi, na ukipata wenye nyuzi zilizopakwa bati, ule mweupe ndani, ni bora zaidi maana chumvi haiuli haraka, ni ghali na mara nyingi unaagiza lakini kwa nyaya za chini karibu na ngama usibane pesa. Unene nao, fundi mmoja alituwekea wa milimita za mraba 2.5 kutoka betri mpaka omo, yaani mbele ya boti, mita 6 kwenda na 6 kurudi, ukivuta ampea 8 unapoteza volti 0.7 njiani, taa inapata 11 na kitu na unalaumu betri. Tulipoweka 6 upotevu ukawa 0.3. Viungo bana kwa koleo la kubania lagi halisi, halafu vika ule mrija wenye gundi ndani unaosinyaa ukipashwa moto, na kiungo kikae juu, kisilale majini. Tepu nyeusi kwenye maji chumvi haidumu hata kidogo.

Betri zenyewe zifungwe kwa mkanda ndani ya boksi lake. Maji ya chumvi yakiingia kwenye betri inayotoa umeme inatoka gesi ya klorini, hiyo inakata pumzi, kwenye kijichumba cha mbele ni hatari kweli. Ukiongeza maji ongeza yale ya betri yaliyokenekwa (distilled), sio maji makali, na uwe umevaa miwani.

Kwa ujumla nakipa nyota 4 kati ya 5, ile moja nimeitoa kwa sababu ya kukosa king'ora. Kama boti yako ina mashine ya kuwashwa kwa kuvuta kamba na taa moja ya kichwa, huna haja nacho, nunua mita ya kawaida na fyuzi nzuri inatosha. Kama una betri ya matumizi na sola na unatoka usiku, nunua, lakini wiki hiyo hiyo kagua nyaya za ngamani kabla hata hujafungua boksi lake. Wenye maswali ya kufunga niulizeni hapa chini, mkiweza mniambie na aina ya kontrola mliyonayo maana ile namba ya 14.2 inategemea hiyo.